Nati za Marehemu

"Mama, hivi siku hizi gari lenu linavaa viatu vya nani?"

Jirani yangu fundi cherehani aliniuliza hivyo asubuhi moja, mimi nikifagia mbele ya mlango wangu, yeye ameketi barazani kwake ng'ambo ya barabara, anapitisha uzi kwenye tundu la sindano. Nyumba zetu zinatazamana. Barabara inashuka kutoka sokoni, na gari likishuka lazima lipite kati ya macho yake na yangu.

"Vya kwake mwenyewe, jirani. Vipya hivyo."

"Vipya sawa, lakini hakupimwa mtu hapo." Alicheka na pini zake mdomoni. "Mimi nikimshonea mteja suti iliyochomoza mabegani namna ile, ataivua hapa hapa anitupie usoni."

Nikacheka na mimi. Alikuwa mtu wa utani, na siku ambayo hakunitania nilijua anaumwa. Lakini nilipoinama tena kufagia sikuwa nacheka. Na mimi nilikuwa nimeona magurudumu yale yalivyochomoza nje ya madigadi, na nilikuwa nimesikia ule mlio, tok, tok, kila gari lilipokata kona ya kwetu.

Gari lilikuwa la marehemu mume wangu. Alilitumia kubebea abiria wa kukodi maisha yake yote, na kila alipolipiga jeki pale uani, mimi ndiye niliyeshika beseni. Anafungua nati, anazitia kwenye beseni, nami nazifuta kwa kitambaa mpaka zing'ae. Shule yangu ya darasani iliishia ya msingi. Ya magari niliisomea kwenye lile beseni.

Magurudumu yaliyotoka nalo kiwandani niliyajua kwa mikono. Rangi ya majivu, hayana urembo wowote, lakini mepesi. Yakivuliwa tairi, nilibeba moja mkono huu na moja mkono huu, kama mtu anayetoka kuteka maji. Mume wangu alinionyesha tundu la katikati. Alilisukuma gurudumu kwenye habu, kile chuma kilichochomoza mwishoni mwa ekseli, nalo likaingia kwa kubana, likakaa pale limetulia kabla hata nati moja haijafungwa. "Unaona mwenzangu? Limezaliwa nalo," aliniambia. "Hapa nati kazi yake ni kubana tu."

Kifua kilipomwondoa, gari likabaki kwa mwanangu. Sikuwa na neno. Alikuwa na leseni, alikuwa na nguvu, na mimi nilikuwa na yeye peke yake. Hakukaa nalo sana akaanza kulalamika.

"Mama, abiria wa siku hizi hawamtazami dereva. Wanatazama magurudumu."

"Basi wapande magurudumu," nikamwambia.

Akanibusu kichwani akaondoka. Aliporudi alikuwa na rimu za spoti nne ndani ya buti na kiti cha nyuma, nyeusi, zina mstari mwekundu ukingoni. Nikashika moja nimsaidie kushusha. Nikairudisha nilipoitoa.

"Mbona nzito hivi?"

"Aluminiamu hiyo, mama. Aluminiamu ni nyepesi, dunia nzima inajua."

"Mwanangu, mikono yangu haijui aluminiamu. Inajua uzito."

Akaniambia nimezeeka. Alisema kwa mapenzi, nami nikapokea kwa mapenzi.

Mdogo wake marehemu ana banda la tairi pale penye njia panda. Watu wanamwita Kobe, kwa sababu hajawahi kuharakisha kazi ya mtu, hata awe amevaa sare na anapiga honi. Kwangu mimi ni shemeji, na kwa mwanangu ni baba mdogo. Marehemu alipolazwa, yeye ndiye aliyempeleka akimshika kiuno. Alipozikwa, yeye ndiye aliyekuja kila asubuhi kutazama kama tumeamka. Basi mwanangu akamwita aje afunge zile rimu, akaja na zana zake kwenye kikapu.

Alizipima kwanza. Tundu la katikati lilikuwa kubwa kuliko habu, rimu inacheza pale kama bangili kwenye mkono wa mtoto. Hakufunga. Alipeleka vipimo kwa fundi wa kuchonga chuma, akachongewa pete za kuziba ile nafasi, akazivalisha. Zikakaa. Mwanangu alikuwa ameshika kiuno muda wote huo.

"Baba mdogo, kwa mwendo huu gari litaota majani."

"Likiota utalisha mbuzi," shemeji akamjibu. Kisha akatazama ndani ya beseni nililoshika, akachukua nati moja, akaigeuzageuza. "Hizi haziendi na rimu zako. Nimekuja na nyingine."

"Kwa nini haziendi? Uzi si ule ule?"

"Uzi ni ule ule. Kitako siyo." Akanigeukia. "Shemeji, una faneli ya mafuta ya taa?"

Nikamletea. Akaiweka nati yetu ndani ya faneli. Kitako cha nati za kiwandani kilikuwa cha mviringo, kama kitako cha yai. Ikakaa kwenye faneli imegusa kamstari kembamba tu kuzunguka, ukiigusa inapepesuka. Akaitoa, akaweka moja ya zile zake, iliyochongwa kitako kama pia ya mtoto ya kuchezea. Ile ikazama, ikajaa, ukiitikisa faneli inatikisika nayo.

"Tundu za rimu zako zimechongwa hivi, kama faneli," akamwambia. "Nati za kaka zilichongewa rimu zake. Nikikufungia hizi, leo zitabana vizuri sana. Kesho, kwa uzito huu na mashimo ya barabara zetu, zitaanza kujilegeza zenyewe."

Hapo mwanangu akabadilika uso. Alimnyang'anya nati ya baba yake mkononi, akaifumbata.

"Nguo zake mmegawa," akasema. "Viatu mmegawa. Redio kachukua shangazi. Kitu alichokuwa anashika kila wiki ni hiki. Magurudumu nabadilisha kwa sababu ya kazi, lakini nati za baba hazitoki kwenye gari hili."

"Mwanangu, ziweke ndani, uzitunze..."

"Hazitoki, baba mdogo! Au niende kwa fundi mwingine?"

Shemeji alijifuta uso kwa mkono ule ule wenye grisi, akabaki na alama shavuni. Alinitazama. Mimi nilikuwa nalia, nimekumbuka vidole vya marehemu ndani ya beseni lile.

"Haya," akasema. "Kwa sharti. Usilikimbize. Na kila Jumamosi uje bandani nizikaze upya."

"Nitakuja."

Akazifunga, moja moja, kwa wilispana, ile spana ya magurudumu, akirukia upande huu na upande ule kama inavyotakiwa. Jioni ile kwenye sala nilimshukuru Mungu kwa kunipa mtoto asiyemsahau baba yake.

Jumamosi ya kwanza mwanangu hakwenda bandani. Alikuwa na abiria. Iliyofuata shemeji alikuja mwenyewe, wilispana begani, akamkuta anaosha gari.

"Baba mdogo, hili siyo gari la wagonjwa, kila wiki dozi," mwanangu akamwambia, bila kuacha kusugua kioo. "Nina safari. Kesho."

"Kesho banda limefungwa. Nipe dakika tu."

"Nimesema kesho."

Nilimwona shemeji kupitia dirishani. Alisimama kidogo pale, akainama kama anayetaka kuchungulia gurudumu la mbele, mwanangu akaingia garini akawasha. Alikuja tena na tena, siku nyingine hakumkuta, siku nyingine alimkuta akaambiwa maneno yale yale. Watoto wa mtaani wakaanza kumwimbia Kobe na spana yake. Mwishowe akawa anapita tu, anatazama gari, anaitikia salamu yangu, anakwenda zake.

Nilimwuliza mwanangu kuhusu ule mlio. Akasema ni shokomzoba. Nikamwambia basi lipeleke. Akasema nitalipeleka.

Siku ya tukio nilikuwa naanika shuka uani, jua limeshakuwa kali. Nilisikia gari linashuka kutoka sokoni, mlio wake siku hiyo haukuwa tok tok, ulikuwa mfululizo, kama mtu anayegonga mlango akijua mwenye nyumba amelala. Nikaacha shuka. Nilipofika mlangoni, gurudumu la mbele lilikuwa limeshatoka. Lilitangulia gari. Lilikuja peke yake, limesimama wima, halina haraka kwa macho, likagonga ukingo wa mtaro, likaruka.

Fundi cherehani alikuwa ameinamia kazi. Mashine ilikuwa inalia, hakusikia. Lilimpata kifuani, likamsukuma yeye na mashine yake na kiti mpaka ukutani.

Gari lilikwaruza lami mpaka mbele ya mti wa umeme likasimama. Mwanangu akatoka mzima, hana hata mchubuko. Nilivuka barabara mbio, kanga yangu imeanguka sijui wapi. Jirani yangu alikuwa macho wazi. Nilimshika kichwa. Alitaka kusema neno, labda ulikuwa utani, sijui, damu ikatangulia. Nikamsomea sala ninayoijua. Mkewe alitoka ndani, mikono ingali na unga wa kukanda, akasimama, hakupiga kelele. Kelele alipiga baadaye, alipoona wanamfunika.

Msibani nilikaa naye mkekani. Hakunifukuza. Alinilalia begani, mimi mama wa aliyekuwa kwenye usukani, akalia mpaka nguo yangu ikalowa. Na ndipo nilipomsikia mwanangu, amesimama katikati ya wanaume pale nje, anaeleza.

"Mimi ni dereva jamani, siyo fundi. Nilimwita mtu anayejiita fundi afunge. Yeye ndiye anayejua nati gani inaingia wapi. Ningejuaje mimi?"

Nikadhani ni hofu. Mtu akiwa na hofu husema lolote. Nikangoja arudi nyumbani, alie, aniambie mama nimefanya nini. Hakulia. Siku iliyofuata alisema maneno yale yale, na safari hii aliongeza kwamba hata pete za shemeji zilikuwa za kubahatisha. Mke wa shemeji alipokuja kutoa pole, mjane wa jirani yangu akainuka mkekani, akamshika mabega, akamtoa mpaka nje ya uzio. "Mume wako kanifanya hivi! Usikanyage hapa!" Mke wa shemeji alitembea kurudi kwake na chungu cha chakula alichokileta, hajakifunua, watu wanampisha njia kama mwenye ugonjwa.

Jioni hiyo polisi wakamchukua shemeji bandani. Alifunga banda kwanza, taratibu, wakamngoja.

Nilimpelekea chai kituoni. Walimtoa mpaka kaunta tukazungumza tumesimama. Walikuwa wamemvua mkanda na viatu, akawa anashikilia suruali kwa mkono mmoja.

"Shemeji," nikamwambia, "kwa nini husemi? Mimi nilikuwepo. Faneli ilikuwa yangu."

"Nani aliyeshika spana?" akaniuliza.

"Wewe. Lakini ulimwambia."

"Nilimwambia, halafu nikakaza. Fundi anayejua halafu anakaza, huyo ndiye mwenye kosa." Alikunywa chai kidogo, akarudisha kikombe. "Mimi nimeshakula chumvi ya kutosha. Yule ni kijana. Akiingia humu ataharibika. Kaka alipokuwa anaondoka alinishika mkono akaniachia yeye. Wewe nyamaza tu. Hilo moja nakuomba."

"Na mkeo? Na wanao? Wanatemewa mate njiani."

"Watazoea."

"Na mjane wa watu? Anamchukia mtu asiyestahili."

Aliniuliza kama banda lina maji yanayoingia, mvua ilikuwa imenyesha.

Nilirudi nimejikaza kisabuni. Njiani nilikuwa nimeanza kukubali. Nilijiambia, Mungu anajua, na anachojua Yeye si lazima niwajulishe polisi. Kama mwanangu angekuwa amekaa gizani akimlilia jirani yetu hata mara moja, sijui, pengine ningenyamaza na kwenda na siri hiyo kaburini. Nilimkuta anakula. Alikuwa na simu mkononi.

"Mama, kuna mtu ana madigadi ya gari kama letu. Polisi wakiturudishia letu tu, nalinyoosha mbele, narudi kazini."

"Unarudi kazini na nini?"

"Na gari."

"Na magurudumu gani?"

Akanitazama kama sijielewi. "Si yale yale. Matatu yako safi, la nne rimu haikupinda hata kidogo. Rimu haina kosa, mama. Kosa ni la ufundi. Nitatafuta fundi anayejua kazi."

"Baba yako mdogo hajui kazi?"

"Angejua, yule mzee angekuwa hai."

Alisema akinitazama machoni, na nikaona hanidanganyi. Alikuwa amelisema mpaka akaliamini. Sikumaliza usiku ule vizuri na Mungu wangu, nilipiga magoti bila maneno.

Mkaguzi wa magari alituita kituoni sote: mimi, mwanangu, mjane, na shemeji wakamtoa ndani. Alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Rimu ilikuwa juu ya meza, tundu zake za nati zimelika, zimepanuka, zinang'aa kama zilizopigwa tupa. Karibu yake nati tatu kwenye kitambaa.

"Hizi nati ni za kiwandani," akasema. "Nzuri kabisa, lakini siyo za rimu hii. Nani aliamua zitumike?"

"Fundi," mwanangu akasema haraka.

"Fundi?" mkaguzi akamgeukia shemeji.

Shemeji alikuwa ametazama sakafu. "Mimi nilizifunga."

"Sikuuliza nani alizifunga. Nimeuliza nani aliamua."

"Mimi nilizifunga, mama. Andika hivyo."

Mjane alitoa sauti kooni. Mwanangu alikaa vizuri kwenye kiti. Nikaona mabega yake yanashuka, yanapumzika, na kupumzika kule ndiko kulikonisimamisha.

"Mama," nikamwambia mkaguzi, "naomba niseme."

"Shemeji," shemeji akasema kwa sauti ndogo.

"Mimi nilishika beseni siku ile. Huyu alimletea mwanangu nati za rimu hizi, akamwonyesha kwa faneli yangu ya jikoni kwa nini za zamani hazifai. Mwanangu akakataa. Akasema nati za baba yake hazitoki, na kama hataki atakwenda kwa fundi mwingine. Huyu akamwambia basi njoo kila Jumamosi nikaze. Hakwenda. Huyu akaja kwetu na spana mara nyingi, nikimwona kwa dirisha, akafukuzwa."

"Mama!" mwanangu akaruka. "Mama, unaniua!"

"Nilikuzaa," nikamwambia. "Sikukuzaa umbebeshe mtu mwingine maiti."

"Anachanganyikiwa huyu, tangu baba afariki anachanganyikiwa! Baba mdogo, si useme!"

Shemeji alizidi kuinamisha kichwa. Mkaguzi alimngoja, akavua miwani, akaivaa tena.

"Ni kweli alikuonya?" akamwuliza mwanangu.

Mwanangu alimtazama mjane, akanitazama mimi. Kisha akapiga meza kwa kiganja, nati zikaruka kwenye kitambaa. "Zilikuwa za baba yangu!" akapaza sauti, na hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza, kama alivyokuwa akilia akiwa mdogo, mdomo wazi. Mjane akafunika uso kwa ukingo wa kanga yake.

Askari alimshika mkono mwanangu, hakumburuta, akamwongoza kwenye ule mlango wa ndani. Sikumfuata. Mkaguzi akamwambia shemeji kwamba kesi yake haijaisha, ataitwa, maana alifunga akijua. Lakini kwa sasa aende nyumbani. Wakamrudishia mkanda na viatu pale kaunta. Alivaa mkanda taratibu, akaingiza miguu kwenye viatu bila kuinama kufunga kamba.

"Shemeji," nikamwambia, "ngoja twende wote. Mkeo ananisubiri nimpe habari."

Akageuka. Shavuni alikuwa na ndevu nyeupe za kituoni ambazo sijawahi kumwona nazo.

"Nilikuomba kitu kimoja," akasema.

Nikafungua mdomo nimjibu. Alishageuka. Alipita kati yangu na mjane, akasukuma mlango kwa bega, akatoka.